Waliopandisha Kizingiti

Mnamo 1870 hivi, rais mpya wa Chuo Kikuu cha Harvard, Charles Eliot, alitoa pendekezo ambalo mwanafunzi wa udaktari wa leo asingeshtuka kulisikia: mtu asipewe shahada ya udaktari mpaka afanye mtihani wa kuandika. Profesa wa upasuaji, Henry Bigelow, akapinga. Hakusema kwamba mtihani ungekuwa mgumu mno. Alisema zaidi ya nusu ya wanafunzi wa udaktari hawajui kuandika sawasawa, kwa hiyo jambo lenyewe haliwezekani. Na hiyo ilikuwa Harvard.

Kwingine mambo yalikuwa mabaya zaidi. Chuo cha udaktari katika Marekani ya siku zile kilikuwa duka la walimu wenyewe. Madaktari sita au saba wa mji mmoja walikodi ukumbi, wakatafuta mifupa ya kuonyeshea, wakajipa uprofesa, na ada ikaingia moja kwa moja mifukoni mwao. Mwanafunzi alinunua tiketi za mihadhara. Mihadhara yenyewe ilidumu miezi minne au mitano, na mwaka wa pili alirudi kusikiliza ileile aliyoisikia mwaka wa kwanza. Baada ya hapo akawa daktari. Maabara hakuna, wodi hakuna. Katika majimbo mengi karatasi aliyopewa na chuo ndiyo iliyokuwa leseni yake, maana serikali haikuuliza kitu kingine. Kijana aliyemaliza angeweza kwenda kumzalisha mke wa mtu ilhali hajawahi kuona mtoto akizaliwa.

Walimu wenye kuona haya walikuwepo. Juni 1876 wawakilishi wa vyuo 22 walikutana Philadelphia kwa mwaliko wa John Biddle, mkuu wa Jefferson Medical College. Mji ulikuwa umejaa wageni kwa sababu ya maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka mia ya taifa. Katika maonyesho hayo palitundikwa mchoro wa Thomas Eakins unaomwonyesha Samuel Gross, daktari mpasuaji aliyesifika kuliko wote pale Jefferson, akimpasua mgonjwa akiwa amevaa koti lake jeusi la kutembelea, mikono mitupu ina damu. Septemba ya mwaka huohuo Joseph Lister alifika Philadelphia kutoka Uingereza kuwaeleza madaktari wa Marekani habari za kuua vijidudu kwenye vidonda, katika kongamano lililoongozwa na Gross huyohuyo. Wengi walimsikiliza kwa adabu, wakarudi kazini kwao kuendelea na koti lilelile.

Hao ndio watu walioanzisha chama ambacho leo kinajulikana kama AAMC, yaani Chama cha Vyuo vya Tiba vya Marekani. Mwanzoni masharti yao yalikuwa mepesi, mengi yakihusu heshima kati ya chuo na chuo: usigawe shahada kiholela, usimpokonye mwenzako mwanafunzi kwa kumshushia ada. Kisha mwaka 1880 wakathubutu. Walipiga kura kwamba kila chuo mwanachama kifundishe miaka mitatu, somo la mwaka huu likijengwa juu ya la mwaka uliopita.

Vyuo vikaanza kujitoa, kimoja baada ya kingine, hata kufika 1882 chama kilikuwa kimelala. Sababu yake ilikuwa hesabu tu, wala haihitaji uchunguzi. Chuo kinachodai miaka mitatu kilikuwa mtaa mmoja na chuo kinachodai miwili, na vyote viwili vilitoa shahada yenye nguvu sawa mbele ya sheria. Kijana mwenye akili zake angelipa ada ya mwaka wa tatu kwa lipi? Na profesa anayekula kutokana na ada angewaachaje wateja wake wavuke barabara? Chama cha washindani hakiwezi kujitia nidhamu chenyewe. Nimesoma historia za vyama vingi vya kitaaluma, na sijaona kilichoukwepa mtego huo kwa maazimio mazuri peke yake.

Kilichokiokoa chama kilitoka nje. Mwaka 1877 jimbo la Illinois lilitunga sheria ya kudhibiti kazi ya udaktari, na bodi yake ya afya, chini ya katibu wake John Rauch, ikaanza kuvipima vyuo vya nchi nzima: ni kipi kinafundisha kweli na ni kipi kinauza karatasi. Shahada ya chuo kilichokataliwa haikutosha kumpa mtu leseni ya kutibu Illinois. Majimbo mengine yakafuata. Huko West Virginia daktari mmoja aitwaye Frank Dent alinyimwa leseni kwa kuwa bodi haikukitambua chuo chake. Aliipeleka kesi hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1889 akashindwa. Majaji walisema jimbo lina haki ya kuamua nani ana elimu ya kutosha kutibu watu wake.

Angalia tarehe zilivyofuatana. Hukumu ilitoka 1889, na mwaka uliofuata vyuo vya Baltimore vikawaita wenzao Nashville, Tennessee. Safari hii vilijitokeza 66. Miaka mitatu iliyokiua chama 1882 ikakubaliwa, kila muhula wa miezi sita, pamoja na mtihani wa Kiingereza kwa anayeingia na kazi za maabara. Hapakuwa na maadili mapya yaliyoshuka kutoka mbinguni. Ila sasa chuo kibovu kilikuwa kinauza bidhaa isiyotumika katika jimbo jirani.

Watu wakizungumzia mageuzi ya elimu ya udaktari Marekani hulitaja jina moja, Abraham Flexner, kama kwamba kabla yake palikuwa na giza tupu. Flexner hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa Louisville, Kentucky, aliyewahi kuendesha shule yake mwenyewe. Mfuko wa Carnegie ulimtuma akague vyuo vyote vya udaktari vya Marekani na Kanada, na ripoti yake ikatoka 1910. Alikuta vyuo 155. Wakuu wa vyuo walimfungulia milango yote, kwa kuwa wengi wao walidhani mtu wa Carnegie amekuja na fedha. Aliingia, akatazama, akauliza maabara iko wapi, akaonyeshwa kabati. Yote aliyaandika, na jina la kila chuo akaliweka hadharani.

Lakini vipimo alivyovitumia alivikuta tayari. Chama cha vyuo kilikuwa na miaka ishirini kikivinoa, na Chama cha Madaktari cha Marekani kilikuwa kimeunda baraza lake la elimu 1904 na kukagua vyuo 1906. Katibu wa baraza hilo, N. P. Colwell, alizunguka na Flexner katika sehemu ya ziara yake. Vyuo vilikuwa vimeanza kufungwa kabla ya ripoti, kwa sababu maabara na wodi ni ghali na ada peke yake haikutosha kuvilipia. Ripoti iliharakisha. Fedha za Rockefeller zilizokuja baadaye, Flexner mwenyewe akiwa miongoni mwa wagawaji, zikaamua nani atasimama. Kufika 1920 vilibaki vyuo 85.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kutulia kidogo, kwa sababu wanaoandika kwa kusifu hupita haraka.

Mwaka 1910 palikuwa na vyuo saba vya kufundisha madaktari weusi. Ubaguzi ulikuwa sheria katika majimbo ya Kusini, na hata Kaskazini chuo cha wazungu kilimpokea Mmarekani mweusi mmoja mmoja, kwa nadra. Vyuo hivyo saba ndivyo vilivyokuwa njia. Flexner alipendekeza viwili tu viendelezwe: Howard cha Washington, na Meharry cha Nashville kilichoanzishwa 1876, mwaka uleule wa mkutano wa Philadelphia. Vingine vitano vikafa. Knoxville, Flint cha New Orleans na kile cha Louisville vilitoweka ndani ya miaka michache. Leonard cha Raleigh kilijikongoja hadi 1918, na cha Memphis hadi 1923.

Havikuwa vyuo vizuri kwa kipimo cha maabara. Lakini hakuna aliyekuja na fedha za kuviinua kama zilivyokuja kwa Johns Hopkins, Yale na wenzao. Flexner mwenyewe aliona kazi ya daktari mweusi ni kuwahudumia weusi wenzake, hasa kwa usafi na kinga, ili maradhi yasivuke kwenda kwa wazungu. Mwaka 2020 watafiti walichapisha hesabu katika jarida la madaktari la Marekani: lau vyuo hivyo vitano vingebaki, vingeweza kutoa madaktari wengine 35,315 kufikia 2019. Ni makadirio, na makadirio yana nafasi ya kubishaniwa. Ukubwa wa tarakimu haubishiwi. Mwaka huohuo AAMC ililiondoa jina la Flexner kwenye tuzo yake kubwa ya elimu ya tiba, miaka 110 baada ya ripoti.

Sisemi kizingiti kisingepandishwa. Mgonjwa wa 1880 aliyetibiwa na mtu asiyejua ini liko upande gani alikuwa na haki ya kulindwa, awe mweusi au mweupe. Nasema bili ya kupandisha kizingiti ililipwa na watu ambao hawakuwa na kiti kwenye mkutano ulioamua.

Miongo iliyofuata naweza kuipitia upesi. Kwa zaidi ya miaka arobaini chama kiliendeshwa kutoka Chicago na katibu mmoja, Fred Zapffe, aliyevizungukia vyuo yeye mwenyewe na kujua siri za kila kimoja. Mwaka 1930 kiliidhinisha mtihani wa kuingilia uliotungwa na F. A. Moss, kwa kuwa wanafunzi wengi walikuwa wakiachia njiani. Mtihani huo ndio babu wa MCAT, ambao hadi leo huwakosesha vijana usingizi. Mwaka 1942 kiliungana na chama cha madaktari kuunda LCME, chombo cha kutoa ithibati kwa vyuo. Mwaka 1952 ukaanza mpango wa taifa wa kuwapangia wahitimu hospitali: mhitimu anaorodhesha hospitali azitakazo kwa kufuatana, hospitali nazo zinaorodhesha wahitimu, kisha orodha zinaoanishwa. Hesabu ya uoanishaji huo ilikuja kuchunguzwa na Alvin Roth, aliyetunukiwa Nobel ya uchumi 2012 pamoja na Lloyd Shapley.

Mpango huo una upande wa pili. Daktari aliye mafunzoni hawezi kujadili mshahara. Hospitali aliyopangiwa ndiyo yake. Mwaka 2002 madaktari vijana waliishtaki AAMC pamoja na hospitali kadhaa, wakidai mpango huo ni njama ya waajiri kubana mishahara. Kesi ilikuwa na uzito. Mwaka 2004, kabla mahakama haijafika mbali, Bunge la Marekani liliingiza kifungu cha kuulinda mpango huo ndani ya sheria iliyohusu mifuko ya pensheni. Kesi ikafa. Chama kilichoshindwa kuvibana vyuo vichache 1882 sasa kilikuwa na marafiki wa kutosha bungeni kumaliza shauri la watu waliofanya kazi saa 80 kwa wiki.

Nguvu hiyo ilitokana na mwaka 1965. Mwaka huo Lowell Coggeshall wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandikia chama ripoti iliyokitaka kiache kuwa klabu ya wakuu wa vyuo. Kiingize hospitali za kufundishia, kiingize vyama vya wanataaluma, kihamie karibu na serikali. Mwaka huohuo ilizaliwa Medicare, bima ya serikali ya wazee, ambayo pia hulipia mafunzo ya madaktari bingwa hospitalini. Chama kikahamia Washington, na 1969 kikapata rais wake wa kwanza wa kudumu, John Cooper. Tangu hapo kazi yake imekuwa nusu elimu na nusu kubisha hodi serikalini.

Aliye karibu na serikali huombwa utabiri, na hapo chama kilijikwaa vibaya. Mwaka 1997 kilikaa pamoja na vyama vingine vya madaktari na kutoa tamko la pamoja: nchi inaelekea kuwa na madaktari kupita kiasi, nafasi za mafunzo zipunguzwe. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kusawazisha bajeti, ikazigandisha nafasi zinazolipiwa na Medicare katika kiwango cha 1996. Haikupita miaka kumi, mwaka 2006, AAMC ikavitaka vyuo viongeze wanafunzi kwa asilimia 30. Vyuo vikaitikia, vipya vikajengwa, lengo likafikiwa. Ila nafasi za hospitalini zinazolipiwa na Medicare zilibaki zimegandishwa. Nafasi 1,000 mpya za Medicare, za kwanza tangu 1997, zilipatikana katika sheria iliyopitishwa Desemba 2020, tena za kugawiwa kidogo kidogo. Sasa makadirio ya chama chenyewe yanasema ifikapo 2036 nchi inaweza kupungukiwa na madaktari hadi 86,000. Ninapoisoma tarakimu hiyo nakumbuka tamko la 1997, na naishika kwa ncha ya vidole.

Juu ya watu weusi, chama kilijaribu kulipa deni. Chuo cha tiba cha Davis, California, kilitenga nafasi 16 kati ya 100 kwa wanafunzi wa jamii zilizoachwa nyuma. Mzungu aliyenyimwa nafasi, Allan Bakke, akashtaki, na 1978 Mahakama Kuu ikakataza kutenga nafasi lakini ikaruhusu rangi izingatiwe pamoja na mengine. AAMC ilipeleka hoja mahakamani kama rafiki wa mahakama, ikikiunga mkono chuo. Mwaka 1991 rais wake, Robert Petersdorf, alitangaza lengo la kuingiza wanafunzi 3,000 wa jamii hizo kila mwaka ifikapo 2000. Halikufikiwa. Mwaka 1996 mahakama ilivizuia vyuo vya Texas kuzingatia rangi, na wapiga kura wa California wakafanya hivyo kwa jimbo lao.

Takwimu moja ya chama hicho imenikaa kuliko zote. Mwaka 1978 wanaume weusi 542 waliingia vyuo vya tiba Marekani. Mwaka 2014 waliingia 515. Katika miaka hiyo 36 idadi ya watu wa nchi ilikua, vyuo viliongezeka, na nchi ilimchagua rais mweusi mara mbili. Kwa wanawake mlango ulifunguka kweli: 2019 walipita nusu ya wanafunzi wote wa vyuo hivyo. Kwa wanaume weusi haukusogea.

Juni 2023 Mahakama Kuu, katika kesi iliyohusu Harvard, ilipiga marufuku kuzingatia rangi katika kupokea wanafunzi. Wanafunzi wa tiba waliopokelewa 2024 walikuwa wa kwanza chini ya hukumu hiyo. Waamerika weusi walipungua kwa asilimia 11.6, wenye asili ya Amerika ya Kilatini kwa 10.8. Aprili 2025 amri ya Rais Trump kuhusu vyombo vya ithibati iliitaja LCME kwa jina, na mwezi uliofuata LCME ikafuta kipengele kilichovitaka vyuo viwe na mipango ya kuchanganya jamii mbalimbali. Chombo kilichokuwa kikivitisha vyuo kwa kalamu yake kilijifutia mstari chenyewe.

Katika fedha chama hakikuinama hivyo. Februari 2025 serikali ilipotangaza kwamba malipo yake kwa gharama za jumla za vyuo, kama umeme, majengo na watunza hesabu, hayatazidi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja za utafiti, AAMC ilikwenda mahakamani Boston ndani ya siku chache, na jaji akaizuia amri hiyo. Naona somo hapo, ingawa wenyewe wasingependa niliseme: maabara zilipatiwa wakili haraka kuliko kile kipengele kilichofutwa.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi asidhani haya hayamhusu. Mhitimu wa Muhimbili, Makerere au Nairobi anayetaka ubingwa Marekani hupita ECFMG, chombo kilichoundwa 1956, AAMC ikiwa miongoni mwa waasisi, kisha hutuma maombi kupitia ERAS, mfumo wa kompyuta ulio mali ya AAMC. Tangu 2024 ECFMG huonyesha kama chuo cha mwombaji kimethibitishwa na chombo kinachotambuliwa na Shirikisho la Dunia la Elimu ya Tiba. Kwa hiyo mamlaka za ithibati za Afrika Mashariki nazo zinapimwa, kwa mtindo uleule wa bodi ya Illinois: hatukufungi, lakini karatasi yako tutaiangalia.

Swali kubwa la miaka ijayo limerudi kwenye ada. Miaka minne ya udaktari Marekani, pamoja na chakula na malazi, imepita dola 250,000 hata katika vyuo vingi vya umma. Chuo Kikuu cha New York kilifuta ada ya udaktari 2018, na Albert Einstein cha Bronx 2024 baada ya Ruth Gottesman kutoa dola bilioni moja, lakini nchi haina akina Gottesman wa kutosha vyuo 150 na zaidi. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeweka ukomo wa mikopo ya serikali kwa wanaoanza kuanzia Julai 1, 2026: dola 50,000 kwa mwaka, 200,000 kwa jumla. AAMC ilipinga, ikashindwa. Atakayepungukiwa atakwenda benki, na benki humtaka mdhamini mwenye mali. Kwa maoni yangu, kifungu hicho kimoja kitaamua nani atakuwa daktari Marekani kufikia 2035 kuliko mtihani wowote ambao chama hiki kimewahi kuutunga.